Subira Haiamrishwi

Liko neno ambalo sisi washairi wa Kiswahili tumelitumia kwa wingi hata likachujuka rangi, na sasa wengine wamelichukua mikononi mwetu wakalipa kazi ambayo halikuumbiwa. Neno hilo ni subira. Tumelitungia beti zisizohesabika. Tumelifananisha na asali, na lulu, na jua la asubuhi baada ya usiku wa dhoruba. Tumewaahidi wenye nalo kheri ya dunia na pepo ya akhera. Katika hayo hapana ubaya. Ubaya umekuja pale neno hili lilipotoka katika diwani likaenda kukaa dirishani hospitalini, na huko likawa linatamkwa kama amri: "Subiri."

Lugha yetu ina kitenzi cha kungoja, nacho ni kikongwe na hakina unafiki. Anayengoja anangoja tu. Anangoja chombo, anangoja mgeni, anangoja chungu kichemke. Kungoja si sifa wala si aibu. Ni kukaa mpaka jambo litokee. Kusubiri ni neno la aina nyingine. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na uzito wa kustahamili, wa mtu kuutuliza moyo wake mwenyewe mbele ya dhiki. Leo maneno haya mawili yamechanganywa hata tofauti hatuisikii. Karani anayetaka kusema "ngoja, wala sijui mpaka lini" husema "subiri," na kwa neno hilo moja huwa ameutua wajibu wake na kumtwika mgonjwa. Tangu hapo mgonjwa akiuliza mara ya pili haonekani kuwa anadai haki yake. Anaonekana amekosa subira. Wahenga walitwambia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini methali hiyo hatuibandiki ukutani hospitalini. Tunayoibandika ni ile ya subira kuvuta kheri.

Hoja yangu ni nyepesi, nami nitaisema tangu mwanzo ili asiyekubaliana nami ajue anapinga nini. Mtu anayengojea majibu ya kipimo cha saratani asiambiwe kusubiri. Aambiwe siku. Subira ataitafuta mwenyewe, kwa imani yake na kwa nguvu zake, na akiipata itakuwa mali yake. Subira inayoamrishwa na mwingine, bila tarehe na bila maelezo, haistahiki jina hilo.

Nitachukua mfano wa Chalinze. Wasomaji wengi wa visiwani huijua Chalinze kwa kupita. Njia kuu itokayo Dar es Salaam ikifika hapo, baada ya kilomita 100 na ushei, hugawanyika: moja hushika Morogoro kwenda Dodoma na Iringa, nyingine hupanda kuelekea Segera, na huko mtu akaenda Tanga au Moshi na Arusha. Ni mji wa kungoja. Abiria wanangoja basi, utingo wanangoja abiria, na vijana wenye mabeseni ya matunda na mayai ya kuchemsha wanangoja gari lisimame wakimbilie madirishani. Kila mmoja anajua anangoja nini, na basi la asubuhi lisipokuja yuko wa kumuuliza. Lakini katika vitongoji vya mji huo huo, nyuma ya kelele za njia kuu, wamo watu wanaongoja kitu kisichokuwa na ratiba wala mtu wa kuulizwa.

Mkaazi wa Chalinze aliyegusa uvimbe mwilini mwake huanzia zahanati au kituo cha afya. Akipewa barua huenda hospitali ya Msoga. Ikibidi, Tumbi huko Kibaha, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Na ikibidi zaidi, Muhimbili, na hatimaye Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyomo katika majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi kwa sheria mwaka 1996. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa taasisi pekee ya saratani nchini. Hapo penye mabenchi yanayopulizwa na upepo wa bahari ndipo mtu wa Chalinze anapokutana na mtu wa Unguja na Pemba aliyevuka kwa boti na barua yake ya rufaa. Kwa hivyo msomaji wa Mji Mkongwe asidhani kuwa ninamletea habari za watu wa mbali. Benchi ni moja.

Wala si benchi la watu wachache. Makisio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliwahesabu wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 nchini Tanzania katika mwaka huo mmoja, na waliofariki karibu 27,000. Kila mmoja kati ya waliopimwa alipitia mlango wa kungoja kabla ya kufika popote. Nao waliopimwa wakakutwa salama, ambao hawamo katika hesabu hiyo, walipitia mlango huo huo.

Namfahamu mama mmoja wa Chalinze ambaye jina lake nalihifadhi, na hospitali aliyotibiwa naihifadhi vile vile, kwani hoja yangu haimhusu mtumishi mmoja wala jengo moja. Alikuwa na uvimbe katika titi. Kinyama kilikatwa, kikatiwa katika kichupa, naye akaambiwa: "Subiri, utapigiwa simu." Hakuambiwa siku wala juma. Simu haikulia. Juma la tatu alipanda gari akaenda kuuliza, akajibiwa: "Bado, mama, kuwa na subira." Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa fedha ya mbegu. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza, na shamba lake lilikaa bila kupandwa, si kwa sababu hakuwa na nguvu za kushika jembe, bali hakujua kama wakati wa mavuno atakuwepo shambani au wodini. Juma la tano simu ililia, lakini ilikuwa ya mwanawe. Mwana akayapokea majibu, akayakalia siku nne, akitafuta maneno. Mama aliniambia baadaye: "Jibu sikuliogopa sana. Nilikuja kuiogopa simu. Kila ilipolia, hata ya muuza maziwa, tumbo langu lilikatika."

Majibu yenyewe yalikuwa nini, sitasema, kwani hayaongezi wala hayapunguzi kitu katika hoja yangu. Yakiwa mabaya, majuma matano yalipotea ambayo tiba ingeweza kuanza. Yakiwa mema, majuma matano ya maisha ya mtu mzima yaliliwa na hofu isiyokuwa na sababu ya kurefushwa. Kwa vyovyote vile shamba halikupandwa.

Sasa niwape haki wanaostahiki haki. Kungoja kwenyewe hakuna budi. Kinyama kilichokatwa hakisomwi siku ile ile kama barua. Huwekwa katika dawa ya formalini ili kisioze, kikakaa humo saa nyingi. Hukaushwa maji kwa spiriti. Hugandishwa ndani ya nta. Hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande hivyo hutiwa rangi, na ndipo mtaalamu wa patholojia anapoviweka chini ya hadubini. Mara nyingine rangi ya kwanza haitoshi, hulazimu kutia nyingine ili kujua saratani ni ya aina gani na dawa gani itaifaa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa hata katika maabara iliyokamilika. Na wataalamu wenyewe ni wachache mno katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 61, tena wengi wao wako katika miji mikubwa. Kichupa cha kutoka wilayani husafiri kabla ya kusomwa. Mwenye kulalamika bila kuyajua haya anawadhulumu watu wanaoinamia hadubini hadi usiku.

Lakini angalieni: yote haya niliyoyaeleza kwa sentensi chache, yule mama hakuelezwa hata moja. Angeambiwa kwamba kinyama chake kitasafiri, kitagandishwa, kitakatwa, na kwamba kazi hiyo ni ya majuma mawili au matatu, angeyapanga majuma yake. Angeambiwa kwamba majibu yakichelewa atajulishwa kuwa yamechelewa, angelala. Uchache wa wataalamu unaeleza kwa nini majibu huchukua muda. Haueleze kwa nini mgonjwa hatajiwi muda huo. Kuandika tarehe nyuma ya kadi hakuhitaji mtambo wala msaada wa wafadhili. Kunahitaji kalamu, na kalamu ipo, kwani ndiyo iliyoandika jina lake.

Sisi watu wa pwani tusifundishwe kungoja. Tumejengwa na kungoja. Mababu zetu walingoja kaskazi ilete majahazi na kusi iyarudishe, na walijua mwezi ambao upepo hugeuka. Mvuvi hungoja maji yajae na yatoke, na anajua bamvua lini na maji mafu lini. Tunangoja mwandamo wa mwezi, na hata tukibishana vipi juu yake, mwezi hauzidi siku 30. Anayengoja Idi anajua kwamba ikiwa si kesho ni keshokutwa. Mwenye kufunga hungoja magharibi kwa utulivu kwa sababu magharibi ina saa yake. Na dini ilipomtaka mjane akae eda, haikumwambia "subiri" ikanyamaza. Ilimhesabia: miezi minne na siku kumi. Aliyetuumba anajua kwamba moyo wa mwanadamu hubeba mzigo mzito ukijua mahali pa kuutua. Ikiwa Mola ameona vyema kumhesabia mjane siku zake, ni nani huyu mwenye daftari anayeona kumhesabia mgonjwa ni usumbufu?

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawana ustahamilivu, wanataka majibu ya papo kwa papo, na ndiyo maana hukimbilia kwa waganga. Nawakumbusha mwaka 2011. Mwaka huo maelfu kwa maelfu ya watu, kutoka pande zote za nchi na nchi jirani, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Walikwenda wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI, wenye saratani. Kikombe hakikuponya saratani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili yake. Lakini yatazameni magari yale yaliyojipanga kilomita baada ya kilomita. Watu wale walingoja siku nyingi, wakalala garini na barabarani, katika baridi na vumbi, na wapo waliofia foleni. Je, hao ni watu wasiojua kungoja? Walingoja kwa sababu foleni ilikuwa ikisogea, waliiona ikisogea, na mwisho wake palikuwa na mtu mmoja atakayewatazama usoni. Hilo ndilo lililokosekana dirishani. Mganga hamshindi daktari kwa dawa. Humshinda kwa kuwa na siku na kuwa na uso.

Na tusidhani kwamba hospitali haiwezi kutoa jibu la siku ile ile inapotaka. Katika vituo vyetu vya afya wanawake hupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, naam, asidi ile ile iliyomo katika siki tunayotia kwenye achari. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa, hungoja kama dakika moja, hutazama kama pamekuwa peupe, na mwanamke huondoka akiwa anajua. Palipoonekana weupe unaotibika kwa kugandishwa, kituo chenye kifaa humtibu siku hiyo hiyo. Kipimo hiki si sawa na kile cha kinyama wala hakiondoi haja yake. Ninachosema ni kwamba aliyekibuni alijiuliza swali ambalo wengine hawajiulizi: mwanamke huyu ametembea umbali gani kuja hapa, na nikimwambia arudi, atarudi?

Nageukia sasa jambo linalotuhusu zaidi sisi wa kalamu. Majibu ya kinyama yakishafika, yamefika kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata mwenye shahada ya Kiingereza hakifahamu. Mama wa Chalinze hupewa bahasha yenye hukumu yake, akaibeba kifuani kilomita 100 asiweze kuisoma. Mjukuu wa kidato cha pili huitwa aisome, akakamata neno moja katika matano, na kwa neno hilo nyumba nzima hulia au hushangilia. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, kwa hoja ya haki kwamba mtu hahukumiwi kwa lugha asiyoijua. Je, mwizi wa kuku ana haki kubwa zaidi ya kufahamu hukumu yake kuliko mwanamke mwenye uvimbe?

Wala tukifasiri tusifasiri kwa uvivu. Kuna vipimo ambavyo jibu lake baya tumeliita "chanya," kwa kuwa kamusi imesema hivyo. Lakini neno hilo hilo ndilo tunalolitumia katika hotuba na magazeti kwa jambo jema: mabadiliko chanya, mtazamo chanya. Mgonjwa akaambiwa majibu yake ni chanya, akasema alhamdulillahi, na daktari akashangaa. Kufasiri si kubadilisha neno kwa neno kama abadilishaye noti dukani. Ni kuhakikisha kwamba kilichofahamika upande ule kimefahamika upande huu. "Uvimbe huu si saratani." "Uvimbe huu ni saratani, na bado haujatambaa." "Kipimo hakikutosha, lazima kirudiwe." Sentensi tatu tu, na karibu kila karatasi ingeweza kuanza na mojawapo ya hizo au mfano wake. Lugha iliyowabeba Juliasi Kaizari na mabepari wa Venisi katika mikono ya Mwalimu Nyerere haiwezi kushindwa na karatasi ya maabara. Na Mwalimu mwenyewe, mfasiri mwenzetu, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Ugonjwa huu unatuhusu.

Tena kuna sisi jamaa. Nimesema majibu ya yule mama yalikaliwa na mwanawe siku nne. Sikumlaumu kijana yule peke yake, kwani alifanya alivyofunzwa. Kwetu habari ya saratani hupelekwa kwa wanaume wa nyumba kwanza, au kwa mkubwa wa ukoo, kisha kikao hukaa kuamua kama mwenye mwili aambiwe. Jina lenyewe halitajwi; husemwa "ugonjwa ule," "maradhi makubwa." Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule wa pwani mwenye gando, na kansa kwa asili yake ya Kilatini ni kaa huyo huyo. Tumekuwa kama tunaoogopa kwamba tukimtaja atatusikia. Husemwa kuwa ni huruma: akiambiwa atakufa kwa fadhaa. Mimi nasema mwenye kufichwa hafichiki. Hujua kwa macho yanayokwepa, kwa minong'ono inayokatika akiingia, kwa kuku anayechinjwa siku isiyokuwa ya sikukuu. Lililobaki ni kwamba sasa anajua peke yake, na hana wa kuzungumza naye.

Wanaodai kwamba kuficha ndiyo mila yetu nawauliza: mila ya nani? Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utendi wake wa mwaka 1858 ambao sisi sote tunauita mama wa ushairi wa wosia, hakumficha bintiye. Karibu na mwanzo anamwambia kwamba maradhi yamemshika na mwaka umetimia, kisha anamkalisha karibu, anamtaka achukue wino na karatasi, na anaanza kumpa aliyonayo. Haukupita muda mrefu akafariki. Watu wamebishana miaka mingi juu ya yale aliyomfunza bintiye kuhusu ndoa, wakapita juu ya ujasiri ule wa mwanzo. Mama mgonjwa alisema kwa kinywa chake kwamba ni mgonjwa, akautumia muda wake. Angefichwa hali yake na kikao cha wajomba, utendi ule tusingekuwa nao.

Na kama mfano wa Pate ni wa kale, uko wa Chalinze yenyewe. Novemba 2014 Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga na Rais wa nchi wakati huo, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani. Ikulu iliwatangazia wananchi, na aliporejea alizungumza mwenyewe hadharani, akawahimiza wanaume wenzake wakapimwe. Ni kweli kwamba si kila mzaliwa wa vijiji vile ana Baltimore ya kwenda, na tofauti hiyo ni makala nyingine. Nalitaja kwa jambo moja: hakuna aliyesema kwamba amekosa haya au amekosa subira kwa kulijua la mwili wake na kulisema. Heshima ile ile apewe mwanamke wa kijiji cha jirani.

Namaliza na wenzangu wa beti. Atakuja mtu anijibu kwamba ninapigana na dini, kwamba subira ni amri. Naam, ni amri, lakini mwenye kuamrisha si karani. Na tuwatazame waliosifiwa kwayo. Nabii Ayubu, ambaye washairi wa pwani wamemtungia utendi mzima, hakunyamaza. Alimwita Mola wake akasema kwamba dhara limempata, na pamoja na hayo akaitwa mwenye subira. Nabii Yakubu, aliyesema neno la subira njema, alilia hata macho yake yakawa meupe, na alipolaumiwa alijibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Hakuacha kuuliza habari za mwanawe. Aliwatuma wanawe wakamtafute. Hiyo ndiyo subira ya Kitabu: inalia, inashitaki, inatuma watu kuuliza. Subira iliyo bubu tumeitunga sisi, kwa sababu ina vina vyepesi na haimuudhi mkubwa yeyote.

Kwa hiyo nawaomba washairi wenzangu, msimwandikie tena mgonjwa anayengoja beti za kumwambia atulie. Hamjui uzito alioubeba. Mkitaka kumfaa, mfundisheni maswali manne ya kuuliza kabla hajaondoka dirishani: Majibu yatakuwa tayari siku gani? Nani atanipa, na nataka nipewe mimi mwenyewe. Siku hiyo ikipita, nimpigie nani? Nikija kuyachukua, nije na nani? Akishayapata majibu ya hayo, yaliyobaki ni ya kwake. Mwingine atayamaliza majuma yake kwa sala, mwingine kwa jembe, mwingine kwa kusuka ukili mpaka vidole vichoke, mwingine kwa kulia usiku na kucheka mchana. Zote ni njia za kungoja, na hakuna iliyo dhaifu. Jirani aende akamchotee maji, amkalie kitako, amsikilize, na aufunge mdomo wake wa mawaidha. Mwana akipokea simu isiyokuwa yake aseme: "Mwenyewe yupo, nampa." Na wakubwa wa hospitali zetu waandike tarehe katika kadi, na sentensi moja ya Kiswahili juu ya kila karatasi ya majibu.

Haya si makubwa. Lakini yakikataliwa, mtu asije kutuazima tena neno letu ili afunike uzembe wake. Na iwapo ni lazima ubeti uandikwe, basi uwe wa mgonjwa kuwaambia wao:

Tarehe niandikie, nijue siku ya jibu,
Neno langu nisikie, lisipite kwa sahibu,
Hapo ndipo nitulie, nibebe yangu taabu,
Subira niichague, isiwe yangu adhabu.